Mimi na Shemeji Mpaka Vienna

Jumapili, 7 Julai. Passau

Kura zimelingana! Tena! Nusu ya chama wananitaka mimi, nusu wanamtaka shemeji. Mimi, Engelbert Moosbauer, makamu mwenyekiti wa Chama cha Watupa Tufe tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nimelingana kura na Traudl, dada wa mke wangu, mwanamke aliyejiunga juzi tu kwa sababu alisikia ukumbini kuna keki. Aibu iliyoje!

Mzee Pledl anang'atuka. Goti limemshinda. Anaacha kiti chake chenye mto mwekundu pale kichwani mwa meza, na anaacha ile kengele ya shaba. Kengele ile! Akiitikisa, watu wote kimya. Mimi nyumbani kwangu sijawahi kunyamazisha hata redio. Naitaka kengele. Nimeitaka miaka yote hii, Mungu ananiona.

Mzee akasema hataki kelele za kura ya tatu. Atakayetangulia kufika Vienna kwa baiskeli ndiye mwenyekiti. Basi. Njia ni ileile ya kandokando ya Danubi ambayo chama huendesha kila kiangazi. Treni marufuku, meli marufuku, mota marufuku. Vivuko ruksa. Vyumba vya kulala njiani keshavikodi, mizigo inatangulia kwa gari. Anayefika kwanza jioni kwenye nyumba ya wageni, asubuhi anaondoka saa aipendayo. Aliyechelewa anasubiri kengele ya kanisa ya saa tatu. Yeye mwenyewe atatungoja Vienna, kwenye mkahawa ulio kando ya mfereji, kengele mezani.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Njia yenyewe haina hata kilima cha kumtoa mtu jasho. Watoto wanaimaliza. Masista wanaimaliza na majoho yao! Lakini shemeji kashinda saluni maisha yake yote, hajawahi kuendesha baiskeli kupita bwawa la kuogelea. Na baiskeli yake ni ile ya bluu ya marehemu mama yao, gia tatu, kikapu mbele. Yangu mpya, nyepesi, naiinua kwa mkono mmoja. Nina kaptula ya kubana ya waendesha baiskeli. Nina miwani ya njano.

Hannelore, mke wangu, akanitazama nimeyavaa yote, akauliza kama nakwenda Vienna au nakwenda kutisha kunguru shambani. Nimemsamehe. Kura yake najua alinipa mimi.

Jumatatu, 8 Julai

Njia iko pande zote mbili za mto. Wengi hawajui ninachokijua mimi: kule mto unakojikunja, njia ya ng'ambo ya kushoto inakufa. Inakutana na mwamba na msitu, kwisha! Ya kulia inaendelea mpaka Vienna bila shida. Basi asubuhi, tukiwa bado Passau, nikamwambia shemeji kwa sauti ya undugu kabisa kwamba ng'ambo ya kushoto kuna kivuli na mikahawa yenye keki. Akanishukuru. Akasema shemeji kumbe una roho nzuri, mimi siku zote nilidhani unanichukia. Akavuka daraja huku anaimba.

Nikashika upande wa kulia. Mchana nikafika kwenye ile kona ya mto. Nikaagiza soseji na haradali, nikaketi kutazama ng'ambo, nikimwaza maskini shemeji anasukuma baiskeli porini na kikapu chake. Nilikuwa na furaha ya kupindukia. Niliongeza soseji.

Ghafla nikaona mashua inashuka na mto. Ndani yake watu na baiskeli zao. Mbele kabisa kaketi shemeji, sahani ya keki mapajani! Ile mashua! Niliisahau! Inawachukua waendesha baiskeli pale njia inapoishia, inawapitisha mwamba wote, inawateremsha mbele huko. Akanipungia uma. Akapaza sauti kwamba shemeji, kweli umenichagulia upande wa raha!

Nikampigia simu Mzee Pledl kulalamika. Mashua ni meli! Akasema si meli, ni kivuko, na vivuko ruksa. Kisha akauliza ni nani aliyempeleka Traudl ng'ambo ya kushoto. Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao mbovu, nikakata.

Shemeji amefika kwanza. Mimi nimefika nikiwa nimesimama kwenye pedali. Kumbe kaptula hizi zinavaliwa bila chupi ndani. Hakuna aliyeniambia! Mishono imenikata mahali nisipoweza kupaandika hapa. Shemeji kanitumia kopo la mafuta ya mgando aliyokuwa akiwapaka wateja wake. Nikamrudishia, nikamwambia mwanamume hapakwi mafuta.

Baadaye. Nimekwenda kumgongea. Nimemaliza kopo zima.

Jumanne, 9 Julai

Nimesubiri kengele ya saa tatu kama mtoto aliyepewa adhabu. Shemeji alishaondoka. Lakini mwanamke yule hana haraka! Kila mkahawa anashuka, kila bata bukini anamsalimia. Kabla ya saa sita nikamkuta.

Upepo wa mbisho mkali, unatupiga usoni. Hapo akili yangu ikawaka. Shemeji ana mgongo mpana. Nikajibanza nyuma yake, tairi langu karibu kabisa na lake. Kimya! Hakuna upepo! Mpango: yeye avunje upepo mchana kutwa, miguu yangu ipumzike, jioni tukiona mnara wa kanisa nichomoke kama risasi. Shemeji akadhani nimekuja kumpa kampani. Akaniimbia nyimbo za kanisa, beti zote. Nikavumilia.

Bata mmoja akavuka njia na vifaranga wake. Shemeji akafunga breki. Mimi sikufunga. Niliruka juu ya usukani, nikatua kwenye upupu. Upupu mtupu! Mikono, mapaja, shingo, kila mahali moto. Shemeji akanitoa kwa kunivuta mguu, anasema pole, pole sana shemeji, huku anacheka mpaka machozi. Kisha akarudi kuhakikisha vifaranga wote wamevuka, maana mmoja alikuwa haonekani.

Nikaona nafasi. Nikapanda baiskeli, nikajikuna kwa mkono mmoja, nikaondoka. Nimefika kwanza! Mimi! Namwona dirishani anafika sasa, anamwonyesha mwenye nyumba kwa vidole jinsi kifaranga alivyopatikana. Kesho naondoka alfajiri, sitaonekana tena mpaka Vienna.

Jumatano, 10 Julai

Niliamka alfajiri. Sikunywa hata chai. Njia ya leo iko ng'ambo, na ng'ambo unakwenda kwa kivuko. Nikafika gatini. Hakuna mtu. Kivuko kinaanza saa tatu. Kengele ya kuitia kivuko ipo, inaning'inia pale. Nikaigonga. Nikaigonga zaidi. Dirisha likafunguka ng'ambo, mzee mmoja akiwa na nguo za kulalia akanitukana kwa ufasaha mkubwa, akalifunga.

Nikakaa juu ya jiwe na njaa yangu. Saa tatu kamili, kengele ya kanisa ikalia, kivuko kikaja, na shemeji akatokea ameshiba mayai na mkate wa siagi, nywele kazisuka vizuri na kuzibana kwa kibanio cha manjano. Tukavuka pamoja. Akaniuliza nilikuwa natafuta nini pale mapema yote. Nikamwambia natazama jua likichomoza. Akasema sikujua wewe ni mtu wa mambo hayo, Hannelore hajawahi kunisimulia.

Mchana nikapata pancha. Nilitegemea atanipita. Akasimama! Akanishikia tairi, akanishikia pampu, akanipa nusu ya mkate wake. Sasa mtu kama huyu ataongozaje chama? Hana hata tone la siasa. Tumefika Melk pamoja, mguu kwa mguu. Mzee Pledl kasema kwenye simu kwamba kesho kila mtu aondoke akitaka.

Alhamisi, 11 Julai

Naandika huku kalamu imenata vidoleni. Nitaeleza.

Leo tumeingia kwenye vijiji vya mizabibu. Huku mkulima akifungua pipa la mvinyo wake, anafunga matawi ya msonobari juu ya geti. Tawi likiwa juu, maana yake ingia, kaa, kuna mvinyo na mkate na nyama ya moshi. Likishushwa, kafunga. Hakuna asiyejua. Na shemeji Traudl hajawahi kupita chini ya tawi bila kuingia. Hajawahi! Hata harusini kwake alichelewa kwa sababu hiyo.

Nikatangulia asubuhi. Nyuma ya nyumba moja nikaona tawi limetupwa kwenye takataka, bado bichi. Akili ikawaka. Mbele kidogo, palepale njia ya baiskeli inapopita, kulikuwa na nyumba ya kawaida, geti zee, bustani, meza chini ya mzabibu. Nikapanda ukuta. Nikafunga tawi juu ya geti, kwa kamba ya akiba ya viatu vyangu, fundo mara mbili. Utomvu ukanijaa mikononi. Mpango: shemeji ataingia, atakaa, atasubiri mvinyo usiokuja, mwenye nyumba atatoka na ufagio, watabishana mpaka jioni. Mimi Krems!

Ningeondoka palepale ningekuwa Krems kweli. Lakini nani angeweza kuikosa sinema ile? Nikajificha shambani kando ya nyumba, nyuma ya miti ya aprikoti. Zimeiva, zinanukia, na mimi sijala. Nikala moja. Nikala kadhaa. Nikatia nyingine mifukoni.

Waholanzi wakaingia kwanza. Kisha masista wawili. Kisha, kama nilivyotabiri, baiskeli ya bluu! Shemeji akaketi katikati yao, akavua kofia. Mlango ukafunguka. Akatoka bibi mzee sana, mdogo, mweusi tii kwa nguo za ujane. Akatazama watu. Akatazama geti. Nikaziba mdomo nisicheke.

Bibi akaanza kulia.

Sikupanga hivyo. Shemeji akamkimbilia, akamkumbatia. Nikajongea nisikie. Anaitwa Bibi Zeilinger. Tawi halijafungwa kwenye geti lile tangu mumewe afe. Kila mwaka akisema mwakani, kila mwaka mikono inamkatalia. Na leo kaamka kalikuta juu! Akasema wageni wakishaketi chini ya tawi hawafukuzwi, haijawahi kutokea nyumba hii, na mvinyo upo, umelala tu huko chini. Mara mikate, mara nyama ya moshi, mara magudulia. Masista wakaanza kukata vitunguu.

Hapo mkono ukanishika shingoni. Mpwa wa bibi, jitu zima, shati limejaa majani. Akasema mwizi wa aprikoti huyu hapa! Msimu huu wamewachoka wezi. Akanikokota bustanini, aprikoti zinadondoka mifukoni njia nzima. Nikajitetea kwamba nilikuwa naziokota tu. Akasema kutoka mtini? Shemeji akashika kiuno, akasema lo, shemeji, na wewe hapa!

Mpwa akanishika mikono kuonyesha watu ushahidi. Vidole vyangu vimegandana. Utomvu wa msonobari mpaka viwikoni. Bibi Zeilinger akasogea. Akanusa. Akatazama geti, akatazama kamba ya viatu, akanitazama mimi. Kisha akanibusu mashavu yote mawili.

Akasema, "Ni wewe, mwanangu. Umenifungia tawi langu."

Ningesema nini? Watu wote wananitazama, sista mmoja anafuta macho. Nikainamisha kichwa. Nikasema ndiyo mama, nilipita, nikaona geti liko tupu, moyo ukaniuma. Nilisema vizuri mno, hata mimi machozi yakanilenga.  Shemeji alinitazama, uma umesimama hewani.

Nikaketishwa kiti cha mbele, cha marehemu. Kijiji kizima kikaja. Kila anayekuja lazima anywe na yule aliyefunga tawi. Yakaja madonge ya unga ya motomoto yenye aprikoti ndani, makombo ya mkate na siagi juu. Kila nikisema naondoka, Bibi ananijazia. Mara moja nikagonga bilauri kwa kijiko, na meza nzima ikanyamaza. Nzima! Nikasahau nilichotaka kusema. Raha ile siwezi kuieleza.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeamka jua liko utosini. Kichwa! Mama yangu, kichwa!

Shemeji naye alilala hapahapa, lakini kaondoka tangu alfajiri. Alimwambia Bibi Zeilinger asiniamshe, nimechoka kwa kutenda mema. Bibi akanipa supu, akaniambia kila mwaka nije nimfungie tawi, chumba ni changu. Nikaahidi haraka haraka huku natafuta viatu.

Getini nikaona tawi halipo. Bibi akasema Traudl kaliomba kama kumbukumbu, na yeye kampa kwa moyo mmoja, maana mpwa keshakwenda kukata jipya. Kaondoka nalo kwenye kikapu pamoja na ile kamba. Kumbukumbu! Kubeba mzigo wa majani mpaka Vienna! Nilicheka mpaka kichwa kikaniambia acha.

Nimeendesha bila kushuka. Mikono haikutaka kuachana na usukani hata nilipotaka kupiga chafya. Tulln nimefika jioni. Shemeji keshaoga, yuko ukumbini na glasi ya maji, anamsuka binti wa mwenye nyumba. Akaniuliza kwa upole jinsi ninavyojisikia. Kisha akasema, "Shemeji, jana ulimfurahisha yule bibi. Nami nimejifunza kitu kutoka kwako."

Nimeguswa. Sikutegemea. Ni vizuri mtu akitambua kwamba kuna wenzake wenye kipaji.

Kesho naondoka baada ya kengele ya saa tatu, na yeye atakuwa mbali. Sina mpango. Kwa mara ya kwanza sina mpango wowote. Nitaendesha tu.

Jumamosi, 13 Julai. Vienna

Sitaki kuandika. Naandika.

Kengele ilipolia nilikuwa nimeshakanyaga pedali. Na miguu, ajabu, ilikuwepo! Siku zote hizi nilikuwa nayo! Nikawapita Waholanzi. Nikawapita masista, wakanipungia mikono. Sikula, sikujificha, sikumdanganya mtu. Baiskeli inaimba. Nilipotoka Klosterneuburg nikaliona gauni la shemeji mbele, mbali, nukta ya bluu. Nikakaza. Nukta ikakua. Akageuka, akaniona. Akakanyaga. Mimi nikakanyaga zaidi. Nilikuwa nambwaga, naapa, nilikuwa nambwaga! Mji umeanza. Mfereji uko pua na mdomo. Nikaanza kuisikia kengele mkononi mwangu.

Akaingia kwenye kona, nyumba zikamficha. Nikachelewa pale, maana basi la watalii lilikuwa linageuza, limekwama, limeziba njia nzima. Nilipopita, njia iko tupu. Hayupo!

Halafu nikaliona. Geti la kijani upande wa kulia. Juu yake tawi la msonobari.

Ha! Nilipiga kelele peke yangu barabarani. Kashindwa kujizuia! Umbali wa kutema mate kufika, na kaingia kunywa! Baiskeli haionekani, basi kaiingiza ndani ili nisijue. Ningeweza kupita moja kwa moja. Nilishaanza kupita. Lakini nikafikiri kwa kina. Je, kama anakunywa glasi moja tu na kutoka? Ana kasi leo, atanikuta. Hapana. Inatakiwa uhakika. Naingia, namnunulia gudulia zima, namketisha na stori ya Hannelore na mkaguzi wa mita ya gesi, ambayo huwa hawezi kuisikia bila kulia kwa kicheko, kisha mimi najifanya naenda chooni. Kwaheri!

Nikaingia. Bustani, meza ndefu, watu wamejaa. Nikakaa, nikapiga meza, nikaita mvinyo na nyama ya moshi. Wakanitazama kidogo. Mwanamke mmoja akaniletea mvinyo. Mwingine akaniletea keki. Keki? Sikujali. Nikamtafuta shemeji kwa macho. Hayuko. Nikadhani yuko chooni. Nikasubiri. Mzee mmoja akanipiga bega, akasema nimenenepa tangu harusi ya Linz. Nikamwambia hata wewe. Wakanipa kofia ya karatasi. Wakaimba. Nikaimba. Bibi aliyeketi kichwani mwa meza, shada la maua kichwani, akasema sasa mjomba wa Linz atoe neno.

Nikasimama nikatoa neno. Nilimsifu bibi. Nilisifu mvinyo. Nikasema nyumba inayofunga tawi getini ni nyumba yenye moyo.

Bibi akauliza tawi gani.

Mwenye nyumba akatoka kutazama. Akarudi nalo mkononi. Akasema hapa ni nyumba ya watu, leo mama katimiza miaka, mvinyo haujawahi kuuzwa hapa, nani kafunga takataka hii getini kwake? Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya viatu. Kamba yangu. Fundo mara mbili, fundo langu! Na katikati, kwa usalama zaidi, kibanio cha nywele cha manjano.

Nilitoka mbio na kofia ya karatasi kichwani. Nyuma yangu nikawasikia wanaulizana, kama huyu si mjomba wa Linz, basi ni nani?

Shemeji alikuwa ameketi kando ya mfereji, viatu kavua, mikono imeng'aa utomvu. Mzee Pledl pembeni yake. Kengele ilikuwa mbele yake. Nikafungua mdomo kulalamika: hila! Udanganyifu! Kuweka tawi la uongo mbele ya mgeni asiye na hatia!

Shemeji akaitikisa kengele. Nikanyamaza. Hata mimi nilishangaa.

Mzee Pledl akaniuliza natuhumu nini hasa, na kama najua mtu yeyote mwingine aliyewahi kufunga tawi la namna hiyo wiki hii. Nikasema naondoa lalamiko.

Jumapili, 14 Julai. Passau

Tumerudi kwa treni. Shemeji kanipa kiti cha dirishani, siwezi kusema hakunipa. Njiani akanionyesha mikono yake, haijatakata bado, akaniuliza mimi natumia nini kuondoa utomvu. Siagi, nikamwambia. Tukapakana siagi, kidole kwa kidole. Akasema siku ya Alhamisi, Bibi Zeilinger alipolia, aliwahi kunipenda kidogo, mpaka alipokumbuka kwamba ni mimi.

Nyumbani nikamwambia Hannelore kwamba angalau yeye alinipigia kura. Akaendelea kumenya viazi. Nikarudia. Akasema alimpigia Traudl, zote mbili. Akasema nikipewa kengele nitalala nayo kitandani, na yeye anapenda usingizi wake.

Zote mbili! Hakuna mtu mwenye siri kama mwanamke anayemenya viazi.

Shemeji kaniacha kwenye umakamu. Kazi yangu ni kuisugua kengele kila Ijumaa ing'ae. Kaniambia pia kwamba mwakani chama chote kitalala kwa Bibi Zeilinger, na mimi ndiye nitakayepanda ukuta, maana niliahidi.

Jumapili, 21 Julai. Passau

Wiki nzima nimefikiri. Nimetulia. Nimejua kosa lilikuwa wapi, na nimepata jibu ambalo hata Mzee Pledl angevua kofia.

Leo jioni ni mkutano wa kwanza wa mwenyekiti mpya, ukumbini. Asipotokea mkutano wake wa kwanza, makamu ndiye anayeongoza. Ndivyo katiba ya chama inavyosema. Basi, asubuhi na mapema, watu wakiwa wanajiandaa kwa misa, nimekwenda na tawi bichi la msonobari nikalifunga juu ya geti la shemeji. Wanachama wote wakitoka kanisani wanapita pale. Wataliona, wataingia, wataketi, na shemeji na moyo wake ule hatamfukuza mtu. Atakata mkate mpaka usiku. Kengele itakuwa peke yake ukumbini. Na mimi.

Nimerudi nyumbani, nimejilaza kidogo. Natabasamu.

Mchana. Kelele nje. Hannelore kaniita kwa jina langu kamili. Nimekwenda dirishani. Chama kizima kimo bustanini kwangu, wamekaa kwenye viti vyangu, Mzee Pledl kanyoosha goti lake juu ya ndoo yangu ya kumwagilia. Shemeji kasimama mbele yao anatikisa kengele, anaomba mvinyo. Juu ya geti langu tawi langu. Kibanio cha manjano.

Hannelore anauliza nani atawahudumia, maana yeye amekuja kama mgeni, na tayari keshaketi.

Nimebeba gudulia la tatu sasa, nimeingia jikoni kuandika haya upesi kabla hawajaniita. Si kwamba mpango ulikuwa mbaya. Mpango ulikuwa mzuri sana! Nilikosea kamba. Kamba inafunguka, mtu yeyote anaihamisha. Safari nyingine natumia waya.